Swali Lako, Jibu Letu: Mwili hauambiwi kuwa ni gemu

Barua za mwezi huu zimekuja na mada moja: gemu za kutisha zinazochezwa kwa miwani ya VR, ile inayofunika macho yote mawili ukajikuta umesimama ndani ya nyumba ya mizuka badala ya kuitazama kwa mbali. Tumechagua sita, tukazifupisha na kuacha majina.

Filamu za kutisha natazama saa saba usiku na kulala fofofo. Juzi Bamburi, Mombasa, nilivaa miwani ya VR ya rafiki yangu, dakika tano hazikutimia nikaivua. Magoti yanagongana, vidole baridi kama nimeshika barafu, na nje jua la saa nane. Wenzangu hawajaacha kunicheka. Je, mimi ni mwoga?
*Kijana wa Kisauni*

Si mwoga, na hao wanaokucheka waulize wao walifika dakika ya ngapi.

Mbele ya runinga ubongo una ushahidi tele kwamba uko sebuleni: kingo za skrini, pazia, mwenzako anayemumunya mabuyu kando yako. Ukiogopa unageuza uso, na hofu inabaki kule ukutani. Ndani ya miwani ukigeuza uso unakutana na upande mwingine wa nyumba ileile, na pengine unayemkimbia ndiye anayekungoja huko. Mwaka 2009 mtafiti Mel Slater alitenganisha hisia mbili zinazofanya kazi hapo. Ya kwanza ni "niko hapa". Ya pili ni "haya yananitokea mimi". Zote mbili huja zenyewe, hata kwa mtu anayejua fika kwamba amevaa plastiki usoni.

Chuo Kikuu cha North Carolina, Marekani, kilichapisha mwaka 2002 jaribio lililolipima jambo hili kwa mapigo ya moyo. Watu walivalishwa miwani wakaingizwa katika chumba chenye shimo la kama mita 6 kwenda chini. Sakafu ya kweli waliyoikanyaga ilikuwa tambarare, na walilijua hilo. Moyo ulienda mbio vilevile. Pale palipowekwa ubao wa kweli wa unene wa sentimita 4 hivi, vidole vya miguu vikahisi ukingo wake, moyo ulizidi kukimbia. Sentimita 4 tu.

Sasa tuje kwenye vidole vyako. Hofu ikianza, sehemu ndogo ya ubongo iitwayo amigdala hupiga mbiu kabla akili haijamaliza kufikiri. Tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini, ini hutoa sukari, na damu huondolewa kwenye ngozi ya viganja ikapelekwa kwenye misuli ya mapaja. Ndiyo maana mikono ilipoa hata kwa joto la Bamburi. Magoti nayo yalitetemeka kwa kuwa misuli ilikuwa imeandaliwa kukimbia, nawe umesimama pale pale.

Tukilazimika kutaja mkosaji mmoja, tutataja sikio. Waundaji wa gemu hizi hukuzoesha kimya kwanza: nyayo zako, mlango unaolia, mngurumo mzito wa chini ambao huusikii vizuri ila unauhisi kifuani. Halafu mlio mmoja mkali. Kope hufumba na mabega hupanda kwa muda usiofika sehemu ya kumi ya sekunde, kasi ambayo ujasiri hauwezi kuikatiza. Isitoshe, sauti hupangwa itokee mahali maalumu, nyuma ya bega la kushoto kwa mfano, na geuka ugeukavyo inabaki pale pale ilipo. Ndiyo sababu kufumba macho hakukusaidii sana, ilhali kuinua hedifoni ya sikio moja husaidia papo hapo.

Ukitaka kujaribu tena, keti. Shusha sauti hadi asilimia 30 au 40 kabla ya kugusa kitu kingine chochote kwenye mipangilio. Jiwekee dakika 10. Moyo ukipanda, usiivue miwani kwa pupa. Bonyeza kitufe cha menyu, gemu itasimama na utaona ukumbi mtulivu. Vuta pumzi kwa hesabu ya nne, itoe kwa hesabu ya sita, mara kumi hivi. Kutoa pumzi polepole ndiko kunakoushusha moyo. Mtu anayeivua miwani kila anapofika kileleni mwa hofu huufundisha mwili wake kwamba kukimbia ndiyo dawa, na mara ya pili huogopa mapema zaidi.

Assalam aleikum. Mwanangu wa miaka 11 alicheza gemu ya zombi na binamuye kwenye ukumbi wa gemu. Huu ni usiku wa nne halali bila taa, anaamka analia, na jana alisema kitu kilimkalia kifuani akashindwa kusema. Mama mkwe anasema ameingiwa na jini kupitia ile miwani, tumpeleke kwa mganga. Nifanyeje?
*Mama wa watoto watatu, Majengo*

Waaleikum salaam, mama. Tuanze na kile kilichomkalia kifuani, maana ndicho kilichowatisha watu wazima.

Wazee wetu walishakipa jina zamani: jinamizi. Tunapoota, ubongo huifunga misuli ya mwili ili tusiruke kitandani tukifuata ndoto. Pengine mtu huamka akili ikatangulia na misuli ikachelewa kufunguliwa. Anaona chumba chake, hawezi kusogea wala kuita, kifua kizito, na ndoto aliyokuwa akiota inaendelea juu ya ukuta wa kweli. Hudumu sekunde chache hadi dakika moja au mbili, kisha huisha. Huwapata zaidi waliokosa usingizi na wanaolala chali. Mwanao amekosa usingizi siku nne. Jinamizi lilikuwa linabisha hodi. Mlaze kwa ubavu, na mwambie likija tena ajitahidi kusogeza kidole kimoja tu cha mguu. Mara nyingi hilo hulikata.

Kuamka na kulia ni jambo lingine, nalo lina sura mbili. Akiamka alfajiri, akawa na fahamu na kukusimulia zombi, hiyo ni ndoto mbaya: mkumbatie, mpe maji, kaa naye. Akipiga kelele saa moja au mbili tu baada ya kulala, macho wazi lakini hakutambui, na asubuhi hakumbuki, huko ni kuweweseka. Hapo usimtikise wala kumwamsha kwa nguvu. Hakikisha haanguki, ngoja dakika chache, atarudi kulala mwenyewe.

Mchana, mtoto akiwa ameshiba na nyumba ina watu, fanya hivi. Mwambie achore huyo zombi, halafu aseme alisikia nini, si aliona nini peke yake. Mara nyingi utakuta kinachomrudia ni sauti. Siku ya pili au ya tatu, akikubali, tazameni kipande cha gemu hiyohiyo kwenye simu: skrini ndogo, sauti imezimwa, dakika 2, simu mkononi mwake na kidole chake ndicho kinachosimamisha. Akikataa usimlazimishe. Usiku taa kubwa izimwe, ndogo ibaki mlangoni, na kila baada ya siku mbili isogezwe mbali kidogo. Kama amehamia kitandani kwako, mrudishe kwake ukiwa umetandika mkeka kando yake, halafu mkeka nao usogee kuelekea mlangoni. Simu na runinga zizimwe saa moja kabla ya kulala.

Mama mkwe usimbishie mbele ya mtoto. Kumsomea Ayatul Kursi na dua za kulala hakumdhuru, na sauti ya bibi yake humtuliza kuliko taa yoyote. Kinachodhuru ni kumwambia kwamba kitu kilipitia kwenye miwani kikamwingia. Aliyekuwa akiogopa picha sasa ataogopa kitu kisichozimika kwa kitufe.

Hali ikipita wiki nne, au akianza kukataa shule, kujikojolea baada ya kuacha siku nyingi, au kuogopa hata mchana, mpeleke kliniki ya watoto aonwe na mshauri nasaha. Namba 116 ya Childline Kenya, simu ya msaada kwa watoto, hupigwa bila malipo.

Na huo ukumbi ulikosea. Sony haikubali miwani yake itumiwe na mtoto wa chini ya miaka 12. Meta, inayotengeneza miwani ya Quest, ilishusha umri wake kutoka 13 hadi 10 mwaka 2023, lakini kwa sharti la akaunti inayosimamiwa na mzazi. Huo ni umri wa kifaa. Gemu ina umri wake, na nyingi za mizuka na zombi zimewekewa miaka 16 au 18. Alama hiyo huonekana kwenye ukurasa wa gemu kabla haijafunguliwa, kama ile ya Bodi ya Kuainisha Filamu ya Kenya kwenye filamu.

Nina ukumbi mdogo wa gemu Tudor, miwani miwili ya VR. Gemu za kutisha ndizo zinazoleta wateja, lakini nimeshavunjiwa kontrola, mmoja ameanguka, mwingine ametapika. Nipange vipi?
*Mfanyabiashara, Tudor*

Tazama juu kwanza. Kama una pangaboi darini, hapo pasichezewe VR. Mtu wa kimo cha kawaida akirusha mkono wenye kontrola huvuka mita 2.2 kwa urahisi, na dari za vyumba vingi vya kupanga haziachi nafasi chini ya mabawa ya feni. Weka feni ya ukutani, mahali pamoja, isizunguke. Itafanya kazi tatu: itampoza mteja, itapunguza kichefuchefu, na upepo utamwonyesha mbele ni wapi hata akiwa haoni.

Kila mchezaji apewe eneo tupu la mita 2 kwa 2, na nusu mita nyingine kabla ya ukuta au meza. Katikati tandika kijizulia cha mita moja. Mguu ukihisi ukingo wake mchezaji anajua amehama. Kontrola nyingi huvunjika kwa sababu kamba ya mkononi haikuvaliwa. Mshtuko unapokuja vidole hufunguka na kifaa hutua ukutani, kwa hiyo kamba ivaliwe kabla ya miwani, si baada. Wanaoanguka wana sababu yao pia: wameona meza ndani ya gemu wakataka kuiegemea. Waambie hilo mapema, kwa maneno hayohayo: "hakuna meza". Mgeni mwanzishe akiwa ameketi kwenye kiti kinachozunguka kisicho na magurudumu.

Uliza kabla ya kuchukua pesa: una kifafa, au umewahi kuzimia kwa mwanga unaowaka na kuzimika haraka? Una maradhi ya moyo au kifaa kifuani? Una mimba? Umekula? Watengenezaji wa miwani huonya kwamba mtu 1 kati ya 4,000 hivi anaweza kupata kizunguzungu kikali au degedege kwa mwanga wa aina hiyo, hata kama hajawahi kupata kabla. Kisha rekebisha umbali wa lenzi. Quest 2 ina nafasi tatu: milimita 58, 63 na 68; mpime mteja kwa rula kutoka mboni hadi mboni uchague iliyo karibu. Lenzi zisipokaa sawa kichwa huuma, na mteja atalaumu gemu.

Dakika 3 za kwanza ziwe za programu tulivu, halafu 10 za gemu. Basi. Anayetaka zaidi apumzike robo saa kwanza. Unganisha miwani na runinga ili uone anachokiona. Kubalianeni neno moja la kusimamisha, "toa" linatosha, na likitamkwa usibishane wala kumtania. Usimguse kutoka nyuma. Taja jina lake, sema "nakushika bega", ndipo ushike. Rafiki anayemshtua mwenzake makusudi mtoe nje ya mstari. Hapo ndipo ngumi hurushwa, na hazimkuti rafiki peke yake.

Jasho la pwani ni adui wa biashara yako. Sponji ya usoni hunywa na kunuka. Ivishe miwani kifuniko cha silikoni, ukifute kwa kitambaa kisicho na spiriti kila baada ya mteja. Lenzi zifutwe kwa kitambaa kikavu cha miwani, kwani spiriti huchubua utando wake. Zikipata ukungu, shika miwani karibu na uso wa mteja kwa dakika moja zipate joto. Usiziache zikitazama jua hata kidogo, maana lenzi hukusanya mwanga kama kioo cha kuchomea karatasi, na doa likishatokea kwenye skrini halitoki. Na kama unatumia miwani inayotegemea kompyuta, stima ikipotea mteja anabaki gizani ghafla katikati ya hofu. Tafuta UPS, yaani betri ya akiba, ya kuishikilia kompyuta dakika 10.

Nitajuaje kama ninachohisi ni hofu au ni kichefuchefu cha VR? Ramadhani tunacheza sana, wengine hata mchana tukisubiri kufuturu.
*Mwanafunzi, Kongowea*

Hofu hupandisha moyo, hukausha mdomo na huisha dakika chache baada ya kuvua miwani. Kichefuchefu huanza kwa miayo, mate kujaa mdomoni, paji la uso kutoa jasho jembamba na tumbo kuwa zito, nacho huzidi kadiri unavyoendelea. Sababu yake ni ugomvi kati ya macho na sikio la ndani: macho yanasema unatembea, kiungo cha mizani ndani ya sikio kinasema umesimama. Kukimbia haraka ndani ya gemu huukuza ugomvi huo, ndiyo maana gemu za kutisha zenye kukimbizana huweza kutapisha.

Kwenye mipangilio chagua kuhama kwa kuruka (unaelekeza mahali, ukatokea hapo papo hapo) badala ya kuteleza, kugeuka kwa vipande vya nyuzi 30 au 45, na ule utando mweusi unaofinya kingo za picha unapotembea. Miayo ikianza tu, acha. Kuvumilia hakukuzoeshi, hukufanya uichukie miwani hata ikiwa imezimwa. Kipande cha tangawizi huwasaidia baadhi ya watu.

Mchana wa kufunga usicheze. Maji mwilini yamepungua na sukari iko chini, kizunguzungu kitakukuta upesi. Baada ya tarawehe ni afadhali, ila kumbuka homoni nyingine ya hofu, kotisoli, hufika kilele kama dakika 20 hadi 30 baada ya kishindo na huchukua saa moja au zaidi kushuka. Ukicheza hadi saa sita ukitarajia kulala kidogo kabla ya daku, utakuwa unatazama dari.

Nina miaka 58, nina presha, nameza dawa kila asubuhi. Wajukuu wananibembeleza nivae hiyo miwani ya mizuka wanicheke kidogo. Kuna ubaya?
*Bibi, Mji wa Kale*

Shikamoo bibi. Ya mizuka, hapana. Mshtuko mmoja hupandisha presha kwa ghafla, na dawa ya asubuhi haikupangiwa hilo. Zaidi ya hapo, kizunguzungu kinaweza kukuangusha, na nyonga ya umri wako haiungi upesi. Wakuwekee ile ya samaki na kasa chini ya bahari, ukiwa umeketi, dakika 5.

Tunaongeza kwa wasomaji wote: aliyewahi kuzimia kwa mlio wa ghafla, kengele ya saa au simu, au aliye na ndugu wa damu aliyefariki ghafla akiwa kijana bila sababu kujulikana, asiguse gemu hizi kabla ya kupimwa moyo kwa ECG, kipimo cha umeme wa moyo. Kuna hitilafu za kurithi za mapigo ya moyo ambazo huamshwa hasa na sauti ya kushtua.

Naogopa maji. Kazi yangu iko kisiwani Mombasa, nyumbani Likoni, na feri ndiyo njia yangu. Nikicheza gemu za kutisha kila siku, nitakuwa jasiri?
*Fundi, Likoni*

Utazoea gemu, si feri. Hofu hupungua kwa kitu kilekile unachokiogopa, kwa kiasi unachokimudu, ukibaki hapo hadi ishuke yenyewe. Mwaka 1995 Barbara Rothbaum, Larry Hodges na wenzao, Marekani, walitumia VR kutibu watu wanaoogopa urefu: waliwapandisha ghorofa za kubuni hatua kwa hatua, mtaalamu yuko kando, na hofu yao ilipungua. Gemu ya kutisha hupangwa kinyume kabisa. Ukitulia tu, inakuongezea, na haikuambii ni lini. Nchini Denmark watafiti wa Chuo Kikuu cha Aarhus waliwapima moyo watu 110 ndani ya jumba la kutisha, wakachapisha mwaka 2020: hofu ndogo mno haikufurahisha, kubwa mno haikufurahisha, raha ilikuwa katikati. Basi icheze kwa raha, usiifanye dawa.

Dawa yako iko Likoni. Simama mahali unapoiona feri ikija na kuondoka, bila kupanda, dakika 20. Andika hofu yako kutoka 0 hadi 10 unapofika na unapoondoka. Rudi siku zinazofuata hadi namba ya kufika iwe nusu ya ile ya siku ya kwanza. Kisha vuka saa nne asubuhi, msongamano ukiwa umepungua, ukisimama katikati ya feri. Kisha karibu na ukingo, mkono kwenye chuma. Kisha mkono uondoke kwenye chuma. Usipande hatua hadi namba ya hatua uliyopo ishuke nusu, hata ikichukua wiki, na usivae hedifoni wakati wa kuvuka: unahitaji kuyasikia maji.